Ligi Ikipunguzwa, Ni Nani Apunguaye?

Msimu wa 2025/26 wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara ulipofunguliwa, timu 16 ziliingia uwanjani. Zilikuwamo za Dar es Salaam, za Mbeya, ya Mwanza, ya Tabora, ya Kigoma na za kwingineko. Haikuwamo hata moja ya Shinyanga, wala ya Geita. Mikoa hii miwili, ambayo ardhi yake imetoa almasi na dhahabu kwa miaka mingi, ilibaki kuisikiliza ligi redioni na kuitazama katika televisheni. Na bado haujapita muda mrefu tangu hali ilipokuwa nyingine kabisa. Katika msimu wa 2015/16 Shinyanga peke yake ilikuwa na timu 2 katika Ligi Kuu, na miaka sita baadaye timu ya Geita ilimaliza katika nafasi ya 4 ikakata tiketi ya kucheza mashindano ya Afrika.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au wa Pemba akauliza: ya Shinyanga yatuhusu nini? Tunajibu kwamba yatuhusu sana. Sisi wa visiwani tunajua maana ya kuwa mbali na mahali panapokatwa shauri. Tunajua pia kwamba namba inayoandikwa ofisini, mathalani timu 20 au timu 16, haifiki kila mahali kwa uzito ule ule. Kwa klabu kubwa hiyo ni badiliko la ratiba. Kwa klabu ndogo ni suala la kuishi au kufa.

Tuanze na Stand United. Jina lake lenyewe linaeleza asili yake. Ni timu iliyozaliwa katika stendi ya mabasi ya mji wa Shinyanga, miongoni mwa wapiga debe na vijana wanaotafuta riziki yao hapo, na mashabiki wake huiita Chama la Wana. Timu hii ya watu wa kawaida ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ikakubali kuifadhili. Wengi waliona kwamba neema imeshuka. Lakini penye fedha huzuka mabishano. Wanachama na viongozi wakagawanyika juu ya nani mwenye timu, na mwaka 2016 mfadhili akaondoka. Timu ikaendelea kucheza kwa kujikongoja, na mwaka 2019 ikashuka daraja.

Timu ya pili ni Mwadui. Hii ni timu ya mgodi wa almasi uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, katika wilaya ambayo leo inaitwa Kishapu. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2015. Mwaka 2019 iliponea chupuchupu, baada ya kulazimika kucheza mechi za mchujo. Na ilicheza na nani? Na jirani yake, Geita, iliyokuwa ikitaka kupanda. Almasi ilikutana na dhahabu, na siku hiyo almasi ikabaki juu. Mwaka 2020 bei ya almasi duniani iliporomoka, na mgodi wa Mwadui ukasimamisha uzalishaji hadi mwaka uliofuata. Msimu wa 2020/21 ulipomalizika, Mwadui ilikuwa ya mwisho katika msimamo wa ligi, ikashuka. Hatusemi kwamba bei ya almasi ndiyo iliyofungwa mabao uwanjani. Tunasema tu kwamba timu yenye nguzo moja haina budi kutikisika nguzo hiyo inapotikisika.

Mwaka huo huo wa 2021, Mwadui ikishuka, Geita ilipanda. Ilikuwa imebisha hodi mara kadhaa. Mwaka 2016 mlango ulifungwa kwa aibu, pale timu za kundi lake katika Daraja la Kwanza zilipotiwa hatiani na Shirikisho kwa kupanga matokeo, Geita ikiwa mojawapo. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Hilo lilikuwa kosa, na hatulifichi. Mwaka 2019 ilizuiliwa na Mwadui, na mwaka 2020 ikazuiliwa na Mbeya City katika mechi za mchujo. Hatimaye ikaingia, ikiwa ni timu ya Halmashauri ya Mji wa Geita yenye msaada wa mgodi mkubwa wa dhahabu wa mji huo.

Sasa tuitazame hesabu ya wakubwa wa mpira, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Msimu wa 2017/18 Ligi Kuu ilikuwa na timu 16. Msimu wa 2018/19 ikapanuliwa hadi timu 20: zilishuka 2, zikapanda 6. Kwa hesabu rahisi, ligi ya timu 16 ina mechi 240, na kila timu husafiri kwenda ugenini mara 15. Ligi ya timu 20 ina mechi 380, na kila timu husafiri mara 19. Safari zikaongezeka, malazi yakaongezeka, posho zikaongezeka. Je, fedha nazo ziliongezeka? Zilipungua. Msimu ule ule wa kwanza wa timu 20 ulichezwa bila mdhamini mkuu, kwa kuwa kampuni ya simu iliyokuwa ikidhamini ligi ilikuwa imejitoa, na ilirudi mwaka 2019. Meza ilirefushwa siku ambayo chungu kilikuwa kitupu. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000, na basi halikopeshi. Ndio msimu ambao Stand United ilishuka.

Kisha wakubwa wakaona kwamba timu 20 ni nyingi mno, wakaanza kupunguza. Mwisho wa msimu wa 2019/20 zilishuka timu 5, zikapanda 3; ligi ikawa na timu 18. Mwisho wa msimu wa 2020/21 zilishuka 4, zikapanda 2. Ligi ikarudi kwenye timu 16. Kwa misimu miwili, basi, timu 9 ziliteremshwa. Katika hizo 9, timu 4 zilitoka katika mikoa miwili tu inayopakana: Alliance, Mbao na Gwambina za Mkoa wa Mwanza, na Mwadui ya Shinyanga. Gwambina ilipanda mwaka 2020 na kushuka mwaka 2021. Haikupata hata nafasi ya kuzizoea ngazi. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Lakini hapa hata kupanda kulikuwa ngoma.

Tutende haki. Waliopunguza ligi walikuwa na hoja, na hoja hizo si za kubezwa. Ratiba ya timu 20 ilikuwa ndefu mno kwa nchi pana kama hii, yenye klabu nyingi maskini na zinazolazimika kusafiri kwa barabara. Ligi ya timu 16 inasimamika vizuri zaidi. Tena mwaka 2021 Shirikisho lilitia saini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya televisheni na Azam Media, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na mwaka huo huo benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi. Fedha hizo zikigawanywa kwa timu 16, kila mmoja hupata zaidi kuliko zikigawanywa kwa timu 20. Hilo halihitaji mwalimu wa hesabu.

Ni kweli pia kwamba mkubwa akifanikiwa, mdogo anaweza kunufaika. Klabu za Dar es Salaam zilipofanya vizuri katika mashindano ya Afrika, Tanzania Bara ikapewa nafasi 4 za kupeleka klabu zake huko badala ya 2. Geita ilipomaliza ya 4 msimu wa 2021/22, nafasi hiyo ya nne ilikuwa ikiisubiri. Msimu huo mshambuliaji wake, George Mpole, alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17, akiwapita washambuliaji wa klabu tajiri. Mji wa wachimbaji ukasimama katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Ingawa safari hiyo iliishia mikononi mwa timu ya Sudan, Hilal Alsahil, hakuna mtu wa Geita aliyeona haya.

Lakini tuangalie jinsi jengo lile lilivyosimama. Baadhi ya mechi kubwa za Geita za nyumbani, zile za kuwakaribisha Simba na Yanga, zilichezwa katika uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza. Ili kufika huko shabiki wa Geita alilazimika kuvuka maji kwa kivuko kati ya Busisi na Kigongo, kwa kuwa daraja la kilomita 3 lililopo sasa lilifunguliwa Juni 2025. Sisi watu wa boti tunajua gharama ya kuvuka maji ili ukaitazame timu yako ikicheza "nyumbani". Muuza chakula, mwenye nyumba ya wageni, kijana wa bodaboda: hao wote ndio wanaovuna siku Simba au Yanga inapofika mjini, na mavuno hayo yalikwenda mji mwingine. Mwaka 2024, baada ya misimu 3 tu, Geita ikashuka.

Wasomaji wetu watambue kwamba mageuzi hayakuishia juu. Daraja lililo chini ya Ligi Kuu nalo lilipangwa upya. Zamani kidogo, katika misimu kama ule wa 2015/16, lilikuwa na timu 24 zilizogawanywa katika makundi 3 ya timu 8. Timu za Kanda ya Ziwa na za magharibi zilikutana zaidi wenyewe kwa wenyewe, na mashabiki waliweza kufuatana nazo. Tangu msimu wa 2021/22 daraja hilo, likiitwa Ligi ya Championship, likawa kundi moja la timu 16 kwa nchi nzima. Hadhi iliongezeka, na televisheni ikapata mechi zilizo bora zaidi. Lakini nafasi 8 za miji midogo zilifutika, na timu zilizobaki zikalazimika kusafiri nchi nzima kama wafanyavyo matajiri wa juu, bila mapato ya matajiri hao.

Humo ndimo Stand United na Geita zilimokutana tena mwaka 2025, safari hii zikigombea tiketi moja ya kuendelea na mchujo. Chama la Wana ilisonga mbele, ikakutana na Fountain Gate ya Ligi Kuu, ikafungwa. Ndiyo maana orodha ya 2025/26 ilitoka bila jina la Shinyanga wala la Geita. Mara mbili katika miaka sita majirani hawa wamelazimika kuzibiana mlango wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu mlango ni mwembamba.

Jambo hili si la Tanzania pekee. Huko Marekani, ambako timu za vyuo vikuu huvuta umati mkubwa kuliko klabu nyingi za kulipwa, vyuo vilikuwa vimejipanga kwa miaka mingi katika jumuiya za ujirani. Jumuiya kongwe ya vyuo vya Pwani ya Magharibi, iliyoitwa Pac-12, ilivunjika kuanzia mwaka 2022, pale vyuo viwili vya Los Angeles vilipotangaza kuhamia jumuiya nyingine yenye mkataba mnono wa televisheni. Wengine wakafuata, na kufikia mwaka 2024 vyuo 10 kati ya 12 vilikuwa vimeondoka. Viwili vilivyobaki, Oregon State na Washington State, havikubaki kwa kukosa wachezaji wala historia. Vilibaki kwa sababu miji yao ni midogo, na televisheni huhesabu macho ya watazamaji. Wakati huo vijana wa California wanasafiri kuvuka bara zima kwenda kucheza New Jersey, na jirani aliyecheza naye kwa vizazi hana wa kucheza naye.

Barani Afrika nako upepo huo umevuma. Oktoba 2023, Dar es Salaam, lilizinduliwa shindano jipya la Ligi ya Soka ya Afrika, kwa mechi ya Simba na Al Ahly iliyokwisha kwa sare ya mabao 2 kwa 2. Tulifurahi kwamba nchi yetu iliheshimiwa. Lakini shindano hilo lililowahi kufikiriwa kuwa la klabu 24 lilianza na klabu 8 zilizoteuliwa. Meza ikiwa ya wateule, aliye nje hawezi kuifikia hata akishinda mechi zake zote.

Na sisi wa visiwani je? Tuna kumbukumbu zetu. Tangu mwaka 1982 palikuwa na Ligi ya Muungano, ambamo klabu bora za Zanzibar na za Bara zilishindana. KMKM ilitwaa ubingwa mwaka 1984, na Malindi mwaka 1989 na tena mwaka 1992. Ligi ile ilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulipata kitu na tukapoteza kitu. Tulipata, tangu mwaka 2004, haki ya kupeleka klabu zetu wenyewe katika mashindano ya Afrika. Tukapoteza mechi ambazo zilijaza viwanja na kuwanoa vijana wetu dhidi ya wakali wa Bara. Kombe la Muungano lililofufuliwa mwaka 2024 limetukumbusha utamu huo, lakini kombe la siku chache si ligi.

Hata ndani ya Zanzibar tumewahi kuipanga ligi kwa kanda mbili, Unguja na Pemba, kisha timu nane bora zikakutana. Na baadaye kanda hizo zikaunganishwa. Kila mpango ulikuwa na faida yake. Lakini ni nani asiyejua kwamba nauli ya boti humwelemea zaidi mwenye mfuko mwembamba? Klabu ya Wete au ya Chake Chake inapoambiwa ivuke mara nyingi zaidi, swali la kwanza la katibu wake si nani atacheza namba tisa, bali ni nani atakayelipa nauli. Kwa hiyo tunapoisema Shinyanga tunajisema na wenyewe.

Sisi hatusemi ligi irudishwe kwenye timu 20. Hatusemi timu dhaifu ibebwe kama mtoto. Mpira ni ushindani, na aliyefungwa akubali kwamba amefungwa. Tunayosema ni haya: ukubwa wa ligi usibadilishwe kama kanzu ya sikukuu. Viongozi wakitaka kuongeza au kupunguza timu, watangaze miaka mitatu kabla, waeleze ngapi zitashuka na ngapi zitapanda, na waoneshe fedha za safari zitatoka wapi. Timu inayojua kwamba mwaka fulani zitashuka timu 5 itajiandaa, isiyojua itashtukizwa.

Pili, fungu la fedha za televisheni liwafikie pia walio chini. Nchini Uingereza timu inayoshuka kutoka ligi ya juu huendelea kupewa fedha kwa muda unaoweza kufika miaka mitatu, ili isianguke kama jiwe. Fungu kama hilo, hata likiwa dogo, lingemsaidia mlipaji wa mishahara wa Mwadui au wa Geita. Na daraja la pili linaweza kuchezwa kwa kanda katika nusu ya kwanza ya msimu, kisha walio bora wakutane kitaifa. Hilo lingepunguza safari na kurudisha mechi za majirani, ambazo ndizo zinazojaza viwanja.

Tatu, tunawageukia maofisa wa serikali, hasa wa halmashauri za migodini. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Halmashauri hupata pia ushuru wa huduma unaotokana na mauzo. Tunashauri kwamba sehemu itakayotengwa kwa michezo isimwagwe yote katika mishahara ya wachezaji 30 wa timu moja, ambao wengi wao wataondoka msimu ukiisha. Ijenge kwanza viwanja vya nyasi, vyumba vya kubadilishia nguo, na timu za vijana wa shule. Dhahabu huisha, Buzwagi ilimaliza uzalishaji wake mwaka 2021. Uwanja hubaki pale pale mgodi ukifungwa, na mtoto aliyefundishwa mpira huendelea kuwa wa mji wake.

Nne, klabu zenyewe zijiangalie. Shinyanga ilikuwa na mfadhili ikampoteza kwa ugomvi wa ndani, na Geita ilichafuka kwa tamaa ya mabao ya bure. Mdogo anayetaka kuhurumiwa hana budi kuwa msafi, mwenye daftari la hesabu lililo wazi na katiba inayoheshimiwa na wanachama wake.

Stendi ya Shinyanga haijahama, na vijana wake hawajaacha kucheza. Mwaka 2025 walifika hadi mechi mbili tu kutoka Ligi Kuu, na wakitaka watafika tena. Tunachoomba kwa wenye mamlaka ni kwamba watakapofika, wasikute idadi ya viti imebadilishwa usiku wakiwa njiani.